Kumpeleka mgonjwa India kwa matibabu nafuu

Kabla ya kuuza shamba au kuchangisha ukoo mzima, muulize daktari bingwa kama tiba hiyo haipatikani nyumbani, kwa kuwa Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hufanya upasuaji wa moyo hapa hapa Dar es Salaam.

Ikibidi kusafiri, omba ripoti ya daktari pamoja na picha zenyewe za vipimo, uzitume kwa hospitali mbili au tatu za Chennai, Delhi au Mumbai. Kila moja ikuandikie makadirio: siku ngapi wodini, siku ngapi chumba cha wagonjwa mahututi, na bei ya kifaa kitakachowekwa mwilini. Nasisitiza jambo hili kwa sababu bei inayovutia mara nyingi huwa ya upasuaji peke yake, ilhali chumba cha kupanga, chakula na dawa za baada ya kuruhusiwa humwelemea msindikizaji.

Viza iwe ya matibabu, si ya utalii. Msindikizaji naye ana aina yake. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na cheti chake kikae ndani ya pasipoti. Kwa upandikizaji wa figo, ambao India huusimamia kwa sheria ya 1994, jamaa anayetoa figo hutakiwa kuthibitisha undugu, hivyo bebeni vyeti vya kuzaliwa.

Msipande ndege ya kurudi kabla daktari hajaridhia.