SOMO: Adapta na betri kwenye mzigo mmoja, bila kuunguza kitu

Swali hili nimelijibu sana. Kuanzia leo anayeniuliza namtumia uzi huu.

Lengo: ruta ya 12V (ndiyo mzigo wetu, yaani kifaa kinachotumia umeme) iendelee kuwaka umeme ukikatika.

Mahitaji: adapta ya 15V 2A, betri ya asidi ya 12V 7Ah na chaja yake, dayodi mbili 1N5822 (dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu), fyuzi ya 2A, moduli inayopandisha na kushusha volti, mita.

1. Pima kila chanzo kwa mita. Adapta za kizamani zenye transfoma nzito huandikwa 12V, ila bila mzigo zinaweza kutoa hata 16.

2. Hasi zote ziungane.

3. Fyuzi ikae kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Ikikaa mbali, waya ukichunika kabla yake hakuna cha kuukinga usiwake moto.

4. Kila chanya ipite kwenye dayodi yake, upande wenye mstari uelekee kwenye mzigo. Bila dayodi, chanzo chenye volti kubwa kinasukuma umeme ndani ya kingine.

5. Hapa ndipo wengi wanaharibu, tena kazi ikiwa inaonekana safi kabisa. Dayodi hazijui kwamba betri ni ya akiba. Zinapitisha umeme wa chanzo chenye volti kubwa, basi. Betri ya asidi iliyojaa inasoma kama 12.7. Ukiweka adapta ya 12V, betri ndiyo inayobeba ruta umeme ukiwepo, inashuka polepole mpaka zilingane. TANESCO wakikata, unakuta betri imeshaliwa zaidi ya nusu.

Usidhani utaponea kwa kuweka dayodi ya 1N4007 upande wa betri. Inakula kama 0.8, zinabaki 11.9. Adapta ya 12V ikipita kwenye 1N5822 inabaki na 11.6 hivi. Betri bado inashinda! Ndiyo maana nimesema 15V: hata chaja ikiwa imeipandisha betri mpaka 14.4, adapta inabaki juu.

ONYO: chaja inafungwa kwenye betri yenyewe, kabla ya dayodi. Na usiweke betri ya lithiamu hapa ukaichaji kwa chaja ya asidi.

6. Baada ya makutano ya dayodi mbili weka moduli, irekebishe itoe 12.0 KABLA ya kufunga ruta.

7. Chomoa adapta. Taa za ruta zisipepese.

MASWALI

mtaa_wa_pili: Mkuu sina dayodi, nikiunga chanya kwa chanya si zote ni 12V tu?

Mwandishi: Hatua ya 4.

mtaa_wa_pili: Ila jamaa yangu kafanya na inawaka.

Mwandishi: Itawaka, mpaka siku itakayozima. Dayodi ni bei ya chapati, kanunue.

KokoTech: Adapta mbili za 12V 1A kwa njia hii zinatoa 2A?

Mwandishi: Hapana. Ile iliyozidi hata 0.1V inabeba karibu mzigo wote, nyingine inakaa tu. Tafuta adapta moja ya 2A.

binti_saketi: Kaka, nimechomoa adapta, nikapima mguu wa dayodi uliobaki wazi, nikaona karibu 11V! Dayodi mbovu?

Mwandishi: Swali zuri sana, dada. Ni nzima. Dayodi za aina ya Schottky, kama hizi 1N5822, huvujisha mkondo kidogo mno kurudi nyuma, na mita yako haivuti karibu chochote, kwa hiyo inaiona volti yote. Weka rizista ya 1k kati ya mguu huo na hasi, upime tena. Ikishuka karibu na sifuri, endelea na kazi.

binti_saketi: Imeshuka mpaka 0.02. Asante! Adapta ya laptop ya 19V inafaa badala ya 15?

Mwandishi: Inafaa kama moduli inapokea zaidi ya 19V. Dayodi inavumilia 40. Ila hizo usiunge mbili mfululizo kutafuta 38V: nyingi hasi yake imeungwa na ethi ya plagi, kwa hiyo utakuwa umepiga shoti moja.

fundi_wa_zamu: Moduli si itanyonya betri mpaka ife?

Mwandishi: Itanyonya. Weka kikata betri kinachozima kwenye 11V, kati ya fyuzi na dayodi.