Kabla hujapandisha gari la zamani Kitonga: mambo ya kukagua ili injini isichemshe

Gari la zamani linaweza kuzunguka Dar es Salaam mwaka mzima bila kusumbua, likaja kuchemsha siku ya kwanza ya safari ya Iringa au Mbeya. Huo si mkosi. Mjini injini hupata kazi nzito kwa muda mfupi mfupi, kisha inapumzika kwenye taa. Ukishapita Ruaha Mbuyuni, bonde ambalo mchana lina joto kali, unaanza kupanda mlima wa Kitonga kwa gia ya kwanza na ya pili nyuma ya malori. Injini inazunguka kwa nguvu, gari linatambaa, na upepo wa kupooza rejeta karibu haupo. Udhaifu wowote uliokuwa umejificha unajitokeza hapo. Ndivyo ilivyo pia kwa anayetoka Mombo kwenda Lushoto, au anayetoka Mtera akapanda Nyang'oro kuelekea Iringa.

Kagua wiki moja kabla, usingoje jioni ya kuamkia safari. Ukigusa chochote kwenye mfumo wa maji, gari linahitaji siku mbili tatu za kuendeshwa karibu na nyumbani ili uone panapovuja na uhakikishe hewa yote imetoka.

Kabla ya kununua spea, jiulize gari linapandisha joto wakati gani. Kama linapanda kwenye foleni lakini likitembea kilomita 80 kwa saa linatulia, shida ni upepo: feni, swichi yake, relei, au rejeta iliyoziba kwa nje. Kama kwenye foleni halina neno ila mlimani au kwenye mwendo mrefu joto linapanda, shida ni mzunguko wa maji: rejeta iliyoziba ndani, pampu, themostati (mlango wa joto utakaoelezwa chini), au gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho chini ya hedi, sehemu ya juu ya injini. Fundi asiyekuuliza swali hilo atabadilisha vitu kwa kubahatisha, na gharama ni yako.

Anza na maji. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta wenyewe. Usiridhike na chupa ya akiba, kwa sababu chupa inaweza kuwa imejaa huku rejeta ikiwa na upungufu. Maji yanatakiwa yafike shingoni. Yakiwa na rangi ya kutu, mwaga yote, suuza mpaka yatoke meupe, ndipo uweke kulanti, yale maji maalumu yenye rangi ya kupooza injini. Nunua iliyochanganywa tayari, au nzito ambayo utachanganya nusu kwa nusu na maji ya kuongezea betri (yale yasiyo na asidi). Injini za petroli za lita 1.3 hadi 1.8 huchukua kama lita 5 hadi 6. Maji ya kisima yenye chumvi yaache: yanajenga gamba kwenye mirija ya rejeta na yanakula hedi ya alumini. Usichanganye kulanti za rangi na aina tofauti, baadhi zikikutana hutengeneza ute mzito unaoziba mirija.

Ukijaza, toa hewa. Egesha gari pua ikiwa juu kidogo, fungua hita mpaka mwisho, jaza taratibu huku ukiminya mpira wa juu wa rejeta, washa injini bila mfuniko na uongeze kadiri maji yanavyoshuka mpaka mapovu yaishe. Hewa ikibaki ndani ya hedi, sehemu hiyo haipozwi hata kama rejeta ni mpya.

Mfuniko ni kitu kidogo ambacho watu hukidharau. Juu yake kuna namba, mara nyingi 0.9 au 1.1, ndiyo presha, takriban kwa baa, ambayo mfuniko unaishikilia. Maji matupu yaliyo wazi huchemka nyuzi 100 pale Dar es Salaam, lakini Iringa mjini, karibu mita 1,600 juu ya bahari, huchemka karibu nyuzi 95. Mfuniko mzima wa 0.9 unasogeza kiwango hicho hadi karibu nyuzi 115 hukohuko Iringa. Mpira wake ukiwa umepasuka au springi imelegea, maji yanaanza kuchemka wakati injini bado iko kwenye joto lake la kawaida. Nunua mpya wa namba ileile. Usipandishe namba ukidhani unaongeza usalama, kwani presha ya ziada hupasua vichwa vya plastiki vya rejeta iliyochoka.

Rejeta ioshe kwa nje kwa maji ya mpira wa bustani, kutoka upande wa injini kwenda mbele, taratibu. Mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta. Angalia pia nafasi kati ya rejeta na kondensa ya AC, ndiko wadudu, nyasi na vumbi vinakojikusanya. Kwa ndani, chungulia shingoni kwa tochi: midomo ya mirija ikiwa na gamba jeupe au la kahawia, rejeta imeanza kuziba. Ya shaba inaweza kufunguliwa na kuzibuliwa. Ya alumini yenye vichwa vya plastiki ni ya kubadilisha. Zile dawa za kuziba matundu usiziweke kabla ya safari, zinaziba na mirija mizima.

Mipira ya rejeta iminye ikiwa baridi, na iliyolainika, iliyovimba au yenye nyufa iondoe pamoja na klipu zake. Mkanda ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba uzame kama sentimita moja. Pampu ya maji itazame kwa chini: ina kitundu kidogo, na doa la kulanti iliyokauka hapo maana yake sili imeanza kuvuja.

Feni ijaribu kwa njia mbili. Washa AC, feni izunguke. Kisha zima AC, acha injini iungurume bila kukanyaga mafuta mpaka feni iwake yenyewe, izime, iwake tena. Ikishafanya mara mbili, swichi na relei ziko sawa. Halafu weka karatasi mbele ya grili: inatakiwa ivutwe kuelekea ndani. Feni iliyowahi kutolewa na kurudishwa na nyaya zikapishana inazunguka vizuri kabisa huku ikipuliza hewa kinyume, na gari likikimbia inapigana na upepo unaoingia. Kama feni imeungwa na swichi ya mkono, rudisha mfumo wa asili kabla hujaondoka, maana kwenye mlima dereva ana mambo mengine ya kukumbuka. Kwenye diseli zenye feni ya klachi (inayozungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta ndani), zungusha pangaboi kwa mkono injini ikiwa imezimwa na ni baridi. Ikizunguka huru mizunguko kadhaa bila ukinzani, mafuta ya klachi yamekwisha.

Sasa themostati, na hapa usipite haraka. Ni kifaa kidogo chenye nta ndani. Nta ikipata joto inapanuka na kusukuma mlango unaoruhusu maji yapite kwenye rejeta. Kwenye Toyota nyingi kimegongwa namba 82, nyuzi ambazo mlango unaanza kufunguka. Gereji nyingi zina desturi ya kukitoa na kukitupa, kwa hoja kwamba ni kifaa cha nchi za baridi. Hoja hiyo imeua hedi nyingi. Kwenye injini nyingi za petroli za Toyota, zikiwemo 5A za Corolla na 1NZ za IST na Raum, themostati ina milango miwili. Mkubwa ni wa rejeta. Nyuma yake kuna kisahani kinachoziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Mlango mkubwa ukifunguka, kisahani kinaifunga ile njia. Ukitoa themostati, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini ikiwa moto vilevile.

Mjini hutaona kitu. Geji inakaa chini kuliko zamani na mwenye gari anafurahi. Kompyuta ya injini inadhani injini ni baridi, inaongeza petroli, plagi zinakuwa nyeusi, na kwenye baadhi ya gari za otomatiki gia ya juu inachelewa kuingia. Mwenye gari analalamikia ulaji wa mafuta bila kujua chanzo.

Kisha gari hilo linabeba watu watano na mizigo, linapanda Kitonga saa nane mchana. Joto linaloingia kwenye maji linazidi lile rejeta inaloweza kutoa, kwa sababu sehemu ya maji haiifikii. Sindano inapanda. Maji yanaanza kuchemka ndani ya hedi, mvuke unasukuma kulanti kwenye chupa ya akiba, chupa inajaa, inamwaga barabarani, na nyuma ya lori hakuna anayeona. Lita mbili zimeondoka, tatu zimeondoka. Halafu linatokea jambo linalodanganya watu: sindano inashuka. Dereva anapumua, anasema gari limepoa, anaendelea kuelekea Ilula. Injini haijapoa hata kidogo. Sensa ya joto imetengenezwa kupima maji, na sasa imebaki kwenye mvuke na hewa, kwa hiyo inasoma chini. Kilomita chache baadaye injini inakosa nguvu, inagonga, inazima. Hedi ya alumini imepinda. Vitabu vya matengenezo vya injini hizo vinaweka kikomo cha kupinda 0.05 mm, chini ya unene wa karatasi ya daftari, na hedi iliyopita hapo haishiki gasketi mpaka ikasawazishwe kwenye mashine. Nyingine zinapasuka kabisa. Hedi za 1KZ-TE kwenye Prado na Surf zinajulikana kwa hilo.

Kwa hiyo sindano ikishuka ghafla wakati gari bado linapanda mlima, simama na uzime. Njia ya kuhakikisha ni hita: ifungue mpaka mwisho. Ikitoa hewa baridi ilhali injini ilikuwa moto dakika moja iliyopita, hakuna maji yanayozunguka. Baadhi ya Toyota ndogo hazina sindano, zina taa ya bluu na nyekundu tu. Humo hita ndiyo kipimo chako cha karibu.

Kujua kama themostati yako ipo ni rahisi. Washa injini ya baridi, shika mpira unaoungana na kikombe cha themostati, ambao kwa Toyota nyingi ni wa chini. Ukibaki baridi dakika kadhaa kisha ukapata joto kwa mkupuo, themostati ipo na inafunguka. Ukipata joto pole pole tangu mwanzo, huenda imetolewa au imekwama wazi. Mpya ijaribu kabla ya kuifunga: ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji bila kugusa chini, weka kipimajoto, chemsha. Ianze kufunguka karibu na 82, na ikifika 95 mlango uwe wazi milimita 8 au zaidi. Wakati wa kufunga, kitundu chenye kipini kinachocheza kielekee juu ili hewa itoke, na pete ya mpira iwe mpya.

Mwisho wa ukaguzi ni gasketi ya hedi. Fungua mfuniko injini ikiwa baridi, washa, tazama shingoni. Mapovu yanayoendelea bila kukoma, mipira inayokuwa migumu ndani ya dakika moja au mbili mfuniko ukiwa umefungwa, maji yanayopungua bila kuvuja popote, moshi mweupe usioisha injini ikishapata moto, au oili iliyogeuka kama chai ya maziwa: lolote kati ya hayo likithibitika, gari lisisafiri. Panda basi.

Beba lita 10 za maji safi, lita moja ya oili, mkanda wa akiba, klipu, bisibisi, glavu nene na kitambaa. Joto likianza kupanda, zima AC, fungua hita mpaka mwisho na madirisha yote, toka nyuma ya lori kwa kuegesha mahali salama, weka pembetatu. Kama hakuna mvuke na maji yapo, acha injini iungurume dakika moja au mbili ili feni na pampu zitoe joto, kisha zima. Kukiwa na mvuke au maji yamemwagika, zima papo hapo. Usiguse mfuniko kwa angalau dakika 45. Mvuke wa presha huchubua uso na mikono, na watu wengi wameungua kwa haraka ya dakika tano. Ukifika wakati, funika kwa kitambaa, zungusha hadi kituo cha kwanza, subiri mlio uishe, ndipo ufungue. Ongeza maji kidogo kidogo, injini ikiwa imewashwa. Kamwe usimwagie hedi maji kwa nje.

Mengine ni ya kawaida. Usijaze mizigo juu ya keria mpaka springi zilale. Panga kufika Kitonga kabla ya jua kali, lakini si kwa kuendesha usiku kucha na usingizi. Acha nafasi mbele yako ili usilazimike kusimama na kuondoka kila mita kumi. Usikubali fundi wa njiani akutolee themostati ili "ufike tu". Ukifika, asubuhi injini ikiwa baridi fungua tena mfuniko wa rejeta. Maji yakiwa yamepungua zaidi ya nusu lita, tafuta sababu hukohuko Iringa kabla ya kugeuza.