Kumchagua Minki Anayekula Kidogo na Kukua Vizuri

Minki ni mnyama wa jamii ya kicheche anayefugwa kwa ajili ya manyoya, hasa Ulaya ya kaskazini, Kanada na China. Gharama kubwa kuliko zote shambani ni chakula. Uwezo wa kukua kwa chakula kidogo hurithiwa kwa kiasi, hivyo unaweza kuuchagua.

Hatua ya 1: Andika nasaba
Watoto huzaliwa mwishoni mwa Aprili hadi Mei. Kila kizimba kiwe na kadi ya mama, baba na tarehe.

Hatua ya 2: Pima ulaji
Kuanzia Agosti, pima chakula unachoweka juu ya wavu, kisha pima makombo. Chakula hiki ni rojo la samaki na mabaki ya machinjioni, na hukauka upesi. Makombo yaliyokauka ni mepesi, nawe utadhani mnyama amekula zaidi. Yakusanye mapema. Dume na jike wakiishi kizimba kimoja, kipimo ni cha wote wawili, kwa hiyo unaowachunguza watenge.

Hatua ya 3: Kokotoa ziada ya ulaji
Wengi hugawanya chakula kwa kilo zilizoongezeka, basi. Mimi sikubaliani nao: uwiano huo huwapendelea wanaokua haraka na kuwa wakubwa, na jike aliyenenepa kupita kiasi huzaa vibaya. Tumia takwimu za shamba lako kukadiria mnyama wa uzito ule na ukuaji ule angekula kiasi gani. Tuseme alitarajiwa kula kilo 20, akala 18.5. Ziada yake ni -1.5, na huyo ndiye tunayemtafuta. Madume walinganishe na madume wenzao, kwani uzito wao hukaribia mara mbili ya majike.

Hatua ya 4: Tenganisha urithi na mazingira
Vizimba vya pembeni mwa banda hupigwa upepo, na mwenye baridi hula zaidi. Usimwamini mnyama mmoja. Dume mmoja hupanda majike kadhaa; watoto wake wakitawanywa banda zima na wengi bado wakawa na ziada hasi, hapo pana urithi. Usitafute jeni moja, maana sifa hii hubebwa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Rasimu ya kwanza ya jenomu ya minki, yaani mpangilio wa DNA yake yote, ilichapishwa 2017, lakini hata alama za DNA hazifai kitu bila vipimo vya ulaji.

Hatua ya 5: Chagua
Amua kabla ya uvunaji wa ngozi, Novemba. Anayekula kidogo huenda anaumwa, kwa hiyo pima kwanza damu yake kwa ugonjwa wa Aleutian, maradhi ya virusi ya minki. Kagua manyoya, na idadi ya watoto aliozaa mama yake. Upandishaji ni Machi. Usiwapandishe ndugu kwa ndugu.