Jinsi ya kumsikiliza mzee aliyepitia Manyani au kijiji cha imajensi

Ukitaka mzee akufungie mlango, mwulize, "Mliteswa vipi?" Atakujibu, "Tuliteswa sana," halafu akuulize kama umeshakunywa chai. Nimeliona hilo nyumba baada ya nyumba huku Tetu na Othaya, Nyeri, tangu ukoo wetu uliponipa kazi ya kuandika habari za wazee waliofungiwa kambini au vijijini wakati wa vita vya Mau Mau. Mwulize maji ya kunywa yalitoka wapi. Mwulize alilala juu ya nini, posho ilipimwa kwa chombo gani, nani alikuwa akipika. Mateso yatajitokeza yenyewe ndani ya majibu hayo, tena kwa mpangilio anaoutaka yeye.

Kabla hujaenda, jifunze tarehe chache ili usimsumbue nazo. Hali ya hatari, ndiyo imajensi, ilitangazwa Kenya na serikali ya kikoloni ya Waingereza ili kuwazima Mau Mau, tarehe 20 Oktoba 1952, na ikaondolewa Januari 1960. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliizingira Nairobi, wakakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, wengi wakapandishwa treni kupelekwa kambi za kizuizini za Manyani na Mackinnon Road. Kufikia Desemba mwaka huo, kwa hesabu za serikali yenyewe, kambini mlikuwa na zaidi ya watu 70,000. Mzee hatakutajia miaka. Mwulize alitahiriwa na rika gani, au kama jambo hilo lilitokea kabla ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, kukamatwa (Oktoba 1956) au baadaye. Wa kijijini mwulize mashamba yao yalipimwa lini. Kwa njia hiyo utapata mwaka bila kumfanya ajione yuko mahakamani.

Aliyekuwa kijana wa miaka 18 kule Manyani mwaka 1954 sasa yuko karibu na 90, au ameipita. Basi nenda asubuhi, akishakunywa uji. Kaa upande wa sikio linalosikia. Simu iweke mezani aione na umwambie wazi kwamba inarekodi. Kuna wanaokataa, kwa sababu waliwahi kuona maneno yao yakiandikwa na mtu mwingine. Akikataa, zima, usikilize tu.

Kwa mwanamume aliyefungwa, uti wa mgongo wa hadithi ni njia aliyopitishwa. Wafungwa walichujwa na kupewa rangi: mweupe, wa kijivu, mweusi. Mweusi ni yule aliyekataa kukiri kwamba alikula kiapo cha Mau Mau. Aliyekiri alisogezwa kambi kwa kambi kuelekea kwao, na mkaidi akasukumwa mbali: Kisiwa cha Mageta katika Ziwa Victoria, Manda karibu na Lamu, mwishowe Hola. Vijana wadogo walipelekwa Wamumu. Kwa hiyo swali lako liwe, "Kutoka hapo walikupeleka wapi?" Lirudie mpaka afike nyumbani. Kila kambi ina kazi yake. Akitaja Mwea, mwulize mifereji, maana mashamba yale ya mpunga yalianzishwa kwa jasho lao. Usimwulize alikiri au la. Anayetaka kulisema atalisema, na mwingine amebeba siri hiyo zaidi ya miaka sitini mbele ya majirani walioketi naye kanisani.

Wanawake huachwa nyuma katika kazi hii, na hapo ndipo ningependa ukae zaidi. Kulikuwa na wanawake waliofungwa gereza la Kamiti, lakini wengi zaidi kambi iliwafuata nyumbani. Kuanzia katikati ya mwaka 1954 watu zaidi ya milioni moja walitolewa katika maboma yao, nyumba zikabomolewa au kuchomwa, wakasongamanishwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungukwa na mahandaki yenye vijiti vilivyochongoka, na kituo cha homugadi, walinzi wenyeji wa upande wa serikali, kikisimama juu yao. Wengi wa hao walikuwa kina mama, watoto na vikongwe, kwa kuwa wanaume walikuwa Manyani au msituni. Bado wapo wazee waliokuwa watoto humo, na shosho (bibi) anaweza kukueleza mambo usiyoyakuta katika karatasi yoyote. Mwulize nani alichimba handaki. Atakwambia: sisi. Mwulize lango lilifunguliwa saa ngapi, na katika muda huo mfupi alikimbilia nini kwanza, kuni, maji au viazi. Katika vijiji vya adhabu muda wenyewe ulikuwa kama saa moja kwa siku. Mwulize mtoto aliachiwa nani. Hapo huwa pana kimya, kwa sababu njaa na magonjwa viliwaua watoto wengi, na mama hakuwa na nafasi ya kumzika wake kwa desturi. Usikijaze kimya hicho kwa swali jingine.

Angalia pia yanayofanyika nyumbani wakati hakuna anayehojiwa. Nyanya yangu mwenyewe alikuwa akihesabu watoto kabla ya kukomea mlango, jua likiwa halijazama bado, na unga ulikuwa katika vyombo vitatu sehemu tatu tofauti. Tulidhani ni uzee. Ukiona jambo kama hilo liandike, kisha siku nyingine uulize kwa upole lilianza lini.

Angalia ni nani yuko chumbani. Ngati, yaani homugadi, walikuwa watoto wa kijiji hicho hicho, na wajukuu wao ndio hao wanaokuletea kiti. Kama kuna jirani ambaye baba yake alishika bunduki kituoni, mzee atasimulia habari za Mwingereza peke yake. Mrudie siku nyingine mkiwa wawili. Maswali ya mama ayaulize mwanamke, na yanayohusu aliyofanyiwa mwili wake usiyaulize kabisa. Akiyaleta mwenyewe, sikiliza, usishangae kwa sauti. Wala usimhoji ngati kama adui. Wengine walijiunga ili mama yao apate kutoka nje ya handaki, na nao hawajawahi kuulizwa.

Na tafadhali, usipige hesabu za umri mbele ya watu. Mume alikamatwa 1954 akarudi 1958, na katikati kuna mtoto. Familia hiyo ilishaamua zamani itaishi vipi na jambo hilo.

Shamba ni mlango mwingine mzuri, hasa kwa wanaokwepa habari za kambi. Upimaji na uunganishaji wa mashamba ulifanyika wanaume wakiwa bado kizuizini, mbele ya kamati walizokaa watiifu wa serikali. Mwulize, "Uliporudi, mpaka ulikuwa wapi?" Nimesikia wazee waliokuwa wakijibu kwa neno mojamoja wakiamka na kushika fimbo kwenda kunionyesha. Na huku Nyeri mpaka leo kuna watu wanaoishi katika vijiji hivyo vya mkoloni, vizazi vinne, kwa kuwa hawakupata mahali pa kurudi.

Ukimaliza, linganisha na karatasi. Jumba la Hifadhi ya Nyaraka la Taifa liko Moi Avenue, Nairobi, nalo lina barua na orodha za wakati huo. Lakini usiifanye karatasi kuwa hakimu wa mzee. Wakoloni walichoma mafaili mengi kabla ya uhuru na mengine wakayasafirisha. Serikali ya Uingereza ilikubali hadharani mwaka 2011 tu kwamba inayo, huko Hanslope Park, Uingereza. Na yaliyoandikwa hayakuwa kweli yote: wafungwa 11 walipouawa kwa kipigo Hola, Machi 1959, taarifa ya kwanza ya serikali ilisingizia maji waliyokunywa. Jina la guka (babu) wako likikosekana, andika limekosekana, basi.

Jambo la fedha liseme mapema, hata kabla ya chai. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi. Kesi nyingine, ya watu zaidi ya 40,000, ilishindwa London mwaka 2018. Tangu hapo mgeni mwenye daftari huulizwa, "Ni ile pesa?" Jibu: "Hapana shosho, hakuna pesa, nataka watoto wetu wajue." Usichukue nambari ya kitambulisho, wala usipige picha ya hati ya shamba.

Usiku huo huo sikiliza rekodi na uandike majina ya mahali yangali masikioni. Kwenye faili weka jina la mzee, kijiji, tarehe, na waliokuwapo chumbani. Nakala moja wape watoto wake, nyingine iweke nje ya simu. Kabla ya kuituma kwenye kundi la ukoo, rudi umuulize ni sehemu gani zisitoke. Ziko, na atakutajia bila kufikiri sana.