Somo: Kuhama kutoka DSLR kwenda mirorlesi, kwa wapiga picha wa kazi hapa Tanga

Wadau, salaam. Swali la "nihame au nibaki na DSLR" nimelijibu kwa meseji, nimelijibu kwa simu, nimelijibu hadi ukumbini nikiwa na sahani ya pilau mkononi. Leo naliandika lote. DSLR ni kamera yenye kioo ndani kinachopanda na kushuka kila unapopiga, mirorlesi ni ile isiyo na kioo hicho. Atakayeniuliza tena nitamtumia hili, naye asinione nimemkatia.

Nazungumza na wanaokula kwa kamera: harusi, send-off, maulidi, mahafali, mpira Mkwakwani. Mifano mingi ni ya Canon kwa kuwa ndiyo ninayofanyia kazi. Wa Nikon nitawatajia yenu pale yanapotofautiana.

Hatua ya 1. Pima begi lako kwenye mizani kama lilivyo siku ya kazi. Andika namba.

Hatua ya 2. Chagua lenzi kwanza, bodi (kamera yenyewe bila lenzi) baadaye. Wengi wanakosea hapa kwa sababu dukani unaoneshwa bodi, unaishika, unaona nyepesi, unatoa hela. Tupige hesabu. 5D Mark IV, DSLR ya Canon, na betri yake ni gramu 890. Lenzi ya EF (za Canon za DSLR) 24-70 f/2.8 toleo la pili ni 805. EF 70-200 f/2.8 toleo la pili ni 1490. Jumla 3185, kilo tatu na ushee, na flashi bado hujaiweka.

Sasa hamia R6 Mark II, mirorlesi ya gramu 670, uchukue na lenzi zilezile kwa mfumo mpya, yaani RF. RF 70-200 f/2.8 imepungua kweli, ni 1070. Lakini RF 24-70 f/2.8 ni gramu 900, yaani *imezidi* ile ya zamani. Jumla 2640. Umetumia mamilioni umeokoa nusu kilo, na bega litauma vilevile ikifika saa sita za usiku.

Nafuu inakuja ukikubali f/4, inayoingiza mwanga kidogo kuliko f/2.8, au lenzi zisizovuta. RF 24-105 f/4 ni gramu 700, RF 70-200 f/4 ni 695. Ukiziweka na R6 Mark II ileile unabeba 2065, zaidi ya kilo moja imeondoka. Anayependa lenzi zisizovuta, RF 35 f/1.8 ni 305 na RF 50 f/1.8 ni 160 tu. Senza (kipande kinachonasa picha) za siku hizi zinavumilia ISO kubwa, yaani kuongezewa wepesi wa kuona mwanga, kwa hiyo f/4 ukumbini ukiwa na flashi si tatizo. Msikitini bila flashi, hapo 35 f/1.8 ndiyo itakayokuokoa. Kwa hiyo jiulize unapiga nini kwa wingi, chagua lenzi mbili, kisha tafuta bodi ya kuzibeba.

Mtaniambia R8 ni nyepesi zaidi, gramu 461. Ndiyo, na picha zake ni nzuri sana. Ina nafasi moja tu ya kadi. Harusi ya mtu hairudiwi, na mimi kazi ya kulipwa siipigi kwenye kadi moja. Msimamo wangu ni huo.

Hatua ya 3. Anza na adapta, kipande cha kuunganisha lenzi ya zamani na bodi mpya, usiuze lenzi zako. Lenzi za EF kwenye bodi za RF zinafanya kazi kikamilifu kwa adapta ya Canon yenyewe, fokasi ikiwemo. Wa Nikon, adapta ya FTZ inafokasi kwa lenzi zenye mota ndani, yaani AF-S na AF-P. Zile za AF-D zinazozungushwa na mota ya bodi hazitafokasi zenyewe. Na lenzi za EF-S, zilizotengenezwa kwa senza ndogo, ukiziweka kwenye fulu-fremu, yaani bodi ya senza kubwa kama R6 Mark II au R8, kamera inakata picha.

Hatua ya 4. Betri: nunua tatu, halisi. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, Nikon D850 ambayo ni DSLR inapiga picha 1840 kwa betri moja, Z6 ya kwanza ambayo ni mirorlesi 310. Kazini utapata zaidi ya hizo, lakini senza na skrini zinawaka muda wote na moto unakwenda. Ukitaka kuchajia kwa USB ndani ya kamera, kwenye R6 Mark II pawabenki iwe yenye PD (Power Delivery, chaji ya USB yenye nguvu), na betri zako kuukuu za LP-E6 zisizo na N zitapiga kazi ila hazitachaji kwa njia hiyo.

Hatua ya 5. Ukitumia flashi za studio na trigga, kifaa cha kuziwasha kwa mbali, skrini itakuwa nyeusi tii na utadhani kamera imekufa. Haijafa. Inakuonesha mwanga uliopo kabla flashi haijawaka. Ingia kwenye menyu uzime kipengele hicho. Kwenye Canon ni "Exposure simulation" au "Display simulation", kutegemea bodi. Kwa mwanga wa jua kirudishe, maana ni raha kuona picha kabla hujaipiga.

Hatua ya 6. Shata ya kimya. Shata ni pazia la mbele ya senza linalofunguka na kufunga kila unapopiga. Someni taratibu, hapa mimi nililipa.

Kila anayenunua mirorlesi anafurahia kimya chake, na anastahili. Kwenye nikah, sheikh anasoma hutuba, bwana harusi ameshikana mkono na walii, na wewe uko hatua mbili kutoka kwao hakuna anayekusikia. Zamani kioo cha DSLR kilikuwa kinapiga "klapu" watu wote wanageuka. Ukishaonja kimya hicho unakiacha kimewashwa, unakwenda nacho ukumbini jioni, na hapo ndipo picha zinapoharibika.

Shata ya kimya haifungui wala haifungi kitu. Senza inasomwa mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi zinafifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde, na jicho halioni. Senza inaona. Mistari iliyosomwa taa ikiwa imewaka inang'aa, iliyosomwa ikiwa imefifia inatoka na giza. Unapata michirizi inayokata picha nzima. Taa za LED za mapambo na za jukwaani, zile zinazopunguzwa mwanga kwa rimoti, zinawaka na kuzima kwa kasi zaidi ya hapo, na michirizi yake ni myembamba na mingi. Kwenye skrini ndogo ya nyuma hutaiona. Utaiona ukifungua kompyuta, kwenye shela jeupe la bi harusi, picha baada ya picha, na hakuna programu itakayoifuta vizuri.

Kwa hiyo:

Ukiingia ukumbini, kabla ya kitu chochote, rudi kwenye shata ya kawaida. Liwe jambo la kwanza hata kabla ya kusalimia MC.

Piga ukuta mweupe au kitambaa cha meza kwa kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde, kisha kuza picha mpaka mwisho. Ukiona mstari hata mmoja, shuka 1/100 au 1/50. Kwa taa za umeme wa ukutani zisizopunguzwa mwanga hizo ndizo namba zinazoelewana na hezi 50. Kwa LED za kupunguzwa zinasaidia, lakini usiziamini bila kukuza.

Kwenye bodi nyingi flashi haiwaki kabisa ukiwa kwenye kimya. Ikigoma, usianze kufungua trigga na kubadili betri mbele ya watu. Angalia shata kwanza.

Vinavyokwenda kasi vinapinda. Fimbo ya mcheza ngoma itatoka kama upinde, mpira unatoka yai.

Msikitini mchana, mwanga ukitoka madirishani, tumia kimya bila wasiwasi. Zikiwashwa tyubu, fanya jaribio la ukuta kama kawaida.

Hatua ya 7. Senza haina kioo mbele yake, ukitoa lenzi iko wazi. Raskazone au Pangani kwenye upepo wa kusi chumvi inaruka, kwa hiyo badilisha lenzi ndani ya gari au uupe upepo mgongo, mdomo wa kamera ukiangalia chini. Baadhi ya bodi, R6 Mark II ikiwemo, zinaweza kufunga shata ukizima kamera. Kiwashe kipengele hicho, ila usiguse zile pazia kwa kidole, ni laini mno. Na usiache kamera juani imetazama juu bila kifuniko. Lenzi inakusanya jua na kulimwaga ndani.

Hatua ya 8. Za zamani uza mwisho kabisa, baada ya bodi mpya kumaliza msimu wa harusi.

---

MASWALI

Kijana wa Makorora: Kaka somo zuri. Kwa hiyo nichukue ipi?

Jibu: Hatua ya 2. Isome, kisha niambie unapiga nini, mchana au usiku, na begini una lenzi gani.

Mzee wa Fremu: Shikamoo mwalimu. Mimi ni wa Nikon, nina D750 na 80-200 f/2.8D ya miaka mingi, napigia mpira. Nikinunua Z6 II na FTZ itakuwaje?

Jibu: Marahaba, japo kwa umri nadhani mimi ndiye wa kukuamkia. Hiyo 80-200 yako ni ya kuzungushwa na mota ya bodi. Kwenye FTZ itapima mwanga vizuri lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Kwa mpira wa Mkwakwani hutaweza, winga akishachomoka umempoteza. Ushauri wangu: D750 na 80-200 zibaki pamoja kwa ajili ya mpira, zinaelewana vizuri sana. Z6 II ianze na lenzi fupi kwa harusi. Ukipata hela baadaye tafuta 70-200 ya AF-S iliyotumika, hiyo itafokasi kwenye bodi zote mbili. Hutajuta kwenda polepole.

Dulla Clicks: Mbona hukusema lenzi ya 18-55 haifai? Nimenunua R8 nimefunga 18-55 ya EF-S na adapta, picha zimekuwa ndogo, megapikseli 9 tu! Watu mnatuingiza hasara.

Jibu: Nimesema. Hatua ya 3, sentensi ya mwisho. Na R8 hukuinunua kwa ushauri wangu, nilichosema juu yake kiko hapo juu. Kamera haina ubaya. Senza ya megapikseli 24 inakatwa mara 1.6 kwa upana na kwa urefu, ndiyo maana unabaki na 9. Tafuta RF 50 f/1.8, ni miongoni mwa za bei rahisi, na picha zako zitarudi kamili.

Binti Chumbageni: Samahani kaka, naomba kuelewa kitu. Adapta ni kipande kinachokaa kati ya lenzi na kamera. Inakuwaje isiharibu picha? Na kwa nini lenzi mpya haiwezi kufungwa kwenye DSLR kwa adapta hiyohiyo?

Jibu: Dada, swali hili ndilo nililokuwa nalingoja. Kila lenzi imetengenezwa ikae umbali maalumu kutoka kwenye senza. Za EF ni milimita 44, kwa sababu katikati palihitajika nafasi ya kioo kupanda na kushuka. Canon walipotoa RF mwaka 2018 kioo hakikuwepo tena, wakashusha umbali hadi 20. Tofauti ni 24, na adapta ni bomba la urefu huo, ndani lina hewa na waya za kupeleka taarifa. Halina kioo chochote, basi halina cha kuharibu. Inairudisha lenzi ya EF mahali ilipozoea kukaa.

Sasa geuza. Lenzi ya RF inataka kukaa milimita 20 kutoka kwenye senza. Kwenye DSLR mlango wenyewe uko 44. Ungelazimika kuizamisha ndani ya kamera, na humo kuna kioo. Ndiyo maana safari ni ya upande mmoja, na ndiyo maana nasema lenzi za EF ziwe za mwisho kuuzwa. Nikon nao ni hivyohivyo, F ni 46.5 na Z ni 16, toa utapata urefu wa FTZ.

Binti Chumbageni: Nimeelewa kabisa. Asante sana.

Studio ya Barabara ya 12: Lightroom yangu ya zamani, programu ya kuhariria picha, haifungui picha za R6 Mark II. Kamera ni mbovu?

Jibu: Si mbovu. Faili ghafi za Canon zimebadilika kutoka CR2 kuwa CR3 na Lightroom yako ilizaliwa kabla.

Mtoto wa Pangani: Pakua Adobe DNG Converter, ni bure. Geuza kwanza ziwe DNG, aina ya faili ghafi ambayo Lightroom ya zamani inaifungua, ndipo uziingize. Mimi nafanya hivyo, ila kompyuta iwe na nafasi. Na kwa unyevu wa huku kwetu naweka kamera kwenye ndoo yenye mchele, inasaidia.

Jibu: DNG sawa kabisa, asante kwa kumsaidia. Mchele hapana, ndugu yangu. Unatoa vumbi la unga, na vumbi hilo litaishia kwenye senza. Nunua kontena la plastiki la kufunga kwa mpira, weka silika (punje zinazonyonya unyevu) ndani na mita ndogo ya unyevu. Mita isomeke kati ya asilimia 40 na 50. Ikikaa juu ya 60 siku nyingi, kuvu inaota ndani ya lenzi.

Mtoto wa Pangani: Silika ikiisha nguvu natupa?

Jibu: Usitupe. Ile ya bluu ikishika unyevu inakuwa ya waridi. Itandaze kwenye trei, iweke kwenye oveni kwa moto mdogo hadi irudi bluu, iache ipoe ndani ya chupa iliyofungwa, ndipo uirudishe kwenye kontena. Na kamera ikitoka kwenye mvua au baharini, ifute na uiache nje ikauke kwanza. Ukiifungia ikiwa mbichi, unyevu wote unaingia nao.