Sarufi ya Kiingereza kwa wagumu wa Kilimanjaro: anza na kitenzi

Mwongozo huu ni wa mgumu anayebeba mizigo Marangu au Machame na anayetaka siku moja awe mwongozaji. Maneno unayo tayari: "water", "tent", "slowly slowly". Kinachokwamisha ni kuyapanga. Aprili na Mei, masika yakipunguza wageni mlimani, hapa Moshi ndio msimu mzuri wa kukaa na daftari.

Hatua ya 1: Kata kitenzi cha Kiswahili

Andika "tutawasubiri", kisha ukikate: tu-ta-wa-subiri. Kila kipande kitafutie neno lake, upate "We will wait for them". Kiswahili hufunga mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja. Kiingereza hutaka kila mmoja asimame peke yake, na mtendwa akae nyuma ya kitenzi. Fanya hivyohivyo kwa "nitakuonyesha" na "wametuacha". Anayeruka hatua hii ndiye husema "Will wait them", kwa sababu sikio lake limeshasikia "tu" kichwani na linadhani mgeni naye ameisikia.

Hatua ya 2: Mzigo mmoja, mbebaji mmoja

Hapa usiwe na haraka. Kwenye "They went", wakati uliopita umebebwa na "went". Ukikanusha, "did" huupokea mzigo huo na kitenzi hurudi kwenye umbo lake la kawaida: "They did not go". Ukiuliza, vivyo hivyo: "Did they go?" Ukisema "They didn't went", umewapa watu wawili mzigo mmoja. Hata Kiswahili hakifanyi hivyo: "tulikwenda" ikikanushwa huwa "hatukwenda", na ile "-li-" inaondoka.

Ile "-s" ya wakati uliopo nayo inafuata sheria hiyohiyo. "She carries", lakini "Does she carry?" na "She does not carry". "Does" ikishaichukua, kitenzi kiko huru. "-s" hiyo huja na he, she na it tu. Na kwa kuwa "a-" yetu haibagui mume na mke, jizoeze kumtazama mtu kabla ya kusema "he" au "she". Hilo ni zoezi la macho kuliko sarufi.

Hatua ya 3: Hali ya mwili

"Nina njaa" ni "I am hungry", si "I have hungry". "Nimechoka" ni "I am tired". "Nasikia baridi" ni "I feel cold". Ukisema "I hear cold" mgeni atageuka kutafuta sauti. Ila kichwa kikiuma, "have" inarudi: "I have a headache".

Hatua ya 4: Usiulize kwa kukanusha

Kwetu ukiulizwa "Kichwa hakiumi?" na kweli hakiumi, unajibu "Ndiyo", yaani umesema kweli. Kwa Kiingereza jibu ni "No". Mgeni akikuuliza "You're not tired?" ukajibu "Yes", anaelewa kwamba umechoka. Nawe ukimuuliza "You don't have a headache?" akajibu "No", unaweza kudhani anakataa, kumbe yuko salama, au kinyume chake, ambacho ni kibaya zaidi. Pale kambi ya Kibo, mita 4,720, maumivu ya kichwa yanaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa kimo, kwa hiyo utata huu si wa kuchezea. Uliza wazi: "Do you have a headache?" Nawe jibu kikamilifu: "No, I don't" au "Yes, I do".

Hatua ya 5: Saa

Makundi mengi huondoka Kibo kuelekea kilele cha Uhuru karibu na saa sita usiku. Ukimwambia mgeni "at six", atalala mpaka alfajiri. Sema "at midnight". Kwa saa nyingine ongeza au punguza sita: saa moja asubuhi ni "seven in the morning".

"A" na "the" ziache kwanza. Kuzikosea hakumzuii mgeni kukuelewa, na zitakuja kwa kusikia.

Zoezi: andika sentensi kumi za kazi yako ya safari iliyopita. Zikanushe zote kwa "did not", kisha zigeuze zote kuwa maswali kwa "did", na umpe mwenzako azisome kwa sauti akitafuta "went", "saw" au "carried" iliyobaki mahali isipotakiwa.