Mtandamboo: Panga Ndilo Linalokunyima Matunda

Malalamiko ya wakulima ni yale yale: "Afisa, uzio wangu wa mtandamboo umefunga vizuri, hata mbuzi hapenyi, lakini matunda siyaoni." Nikifika naukuta umenyolewa kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Hapo sihangaiki hata kutazama udongo.

Mtandamboo, kile kichaka chenye miiba na matunda ya kula (mukawa kwa Wakikuyu na Wakamba, olamuriaki kwa Wamaasai, ochuoga kwa Wajaluo), huchanua kwenye ncha za matawi. Vile vishada vyeupe vinavyonukia hukaa mwishoni kabisa mwa tawi, na tunda hufuata papo hapo. Ukipitisha panga juu ya uzio kila mwezi, unafyeka mavuno yakiwa bado machipukizi.

Pogoa mara moja tu kwa mwaka, ndani ya wiki mbili baada ya kuchuma tunda la mwisho. Ukingoja hadi mvua ichipushe matawi upya, umechelewa. Hayo machipukizi unayoyaona fujo ndiyo yatakayobeba. Kata sm 15 hadi 20 kutoka nchani, kwa makasi, juu kidogo ya jozi ya majani, ili machipukizi yatoke pande zote mbili. Na upime kwa rula! "Kiganja kimoja" cha baba si kiganja cha kijana aliyeachiwa kazi. Vitumba vyenye rangi ya waridi vikishaonekana, weka makasi chini. Tawi likiziba njia, livute kando ulifunge kwa kamba.

Anayetaka uzio mnene pamoja na matunda apogoe upande wa barabara mwaka huu, upande wa shamba mwaka ujao. Kimo kisizidi mita 1.5, la sivyo utachuma ukining'inia kwenye miiba ya sm 5.

Msimu unaofuata utaona vishada nchani. Chuma matunda yaliyoiva hadi kuwa meusi. Mabichi yana utomvu mweupe unaonata.

Jambo jingine, na hili sitanii: mnapong'oa miche porini kuziba mapengo, kagueni miiba kwanza. Msungu, mti wa sumu ya mishale, nao una maua meupe yenye rangi ya waridi, utomvu mweupe na matunda ya rangi ya zambarau, ila hauna mwiba hata mmoja. Mche usio na miiba usiupande mahali watoto wanapochuma.